Mageti yanayolia mlangoni madukani na zile tagi za sumaku: yanafanyaje kazi? (Wenye maduka Mtwara na Lindi piteni hapa)

Fundi_Chikongola:

Wakuu, heshima kwenu.

Msimu wa korosho ukishafunguka mnajua mji huu unavyokuwa. Kila mwenye fremu anashusha mzigo, na mzigo ukishaonekana wapo wanaokuja kununua na wapo wanaokuja kubeba. Sasa kuna mama mmoja mwenye duka la nguo hapa mjini Mtwara, ndugu yake kamletea kutoka Dar jozi ya yale mageti ya plastiki yanayosimama mlangoni, yaliyokwishatumika. Kaniita nimfungie. Wakati nafunga, kila apitaye ana maelezo yake: mmoja anasema ni kamera, mwingine linasoma risiti, mwingine linapiga mionzi, na kuna mzee mmoja kasisitiza kabisa kwamba nguo zote zimesajiliwa kwenye kompyuta Dar es Salaam. Nikaona nilete uzi, maana hiki kitu ni kizuri mno kuachiwa uvumi.

Geti halioni. Halisomi risiti, halijui bei, halijui jina la bidhaa, na muhimu kuliko yote, halijui kama umelipa. Linachojua ni kimoja: kuna lebo iliyo hai imepita hapa, au haijapita. Mambo ya kulipa anayajua keshia. Ukishalipa, yeye ndiye anayeizima lebo au kuing'oa tagi kabla hujafika mlangoni. Akisahau, geti litalia hata kama umelipa mara mbili.

Haya mageti yapo ya aina kadhaa. Hili la mama ni lile linalotumia sumaku na mtetemo pamoja, na ndilo ninalolipenda, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi.

Chukueni ile lebo nyeupe ya plastiki, urefu wake sentimita nne na nusu hivi na upana sentimita moja. Watu wengi hudhani ndani kuna chipu au kibetri. Hakuna. Kuna vipande vya chuma tu. Kimoja kigumu kidogo, hicho ni sumaku ya kawaida ila si kali. Kingine ni chembamba kuliko karatasi, kinang'aa na kinapeperuka ukikipulizia, nacho kimelala ndani ya kijumba chake bila kugundishwa. Hicho chembamba ndicho chenye maajabu. Ni mchanganyiko wa chuma, nikeli, molibdeni na boroni, ulioyeyushwa kisha ukapozwa ghafla mno hata atomi zake hazikupata nafasi ya kujipanga kwa safu kama zinavyojipanga kwenye chuma cha msumari. Matokeo yake kinakuwa chepesi sana kuitikia sumaku.

Kuitikia vipi? Kinarefuka na kufupika. Kweli kabisa. James Joule, yule yule ambaye jina lake tunalitumia kupimia nishati, aligundua mwaka 1842 kwamba chuma kikiwekwa kwenye sumaku kinabadilika urefu. Badiliko ni dogo mno, kwenye kipande hiki halifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita, ila lipo. Mmewahi kusimama chini ya transfoma ya TANESCO usiku mkasikia inavuma? Sehemu kubwa ya ule mvumo ni jambo hilo hilo: chuma cha ndani kinanyooka na kurudi mara 100 kwa sekunde kwa sababu ya umeme wetu wa hezi 50.

Sasa kila kipande cha chuma kina mtetemo wake kinaoupenda, kutegemea urefu. Hiki cha kwenye lebo kimekatwa milimita 38 hivi. Piga hesabu: wimbi la mtetemo likienda hadi mwisho na kurudi limetembea milimita 76. Ndani ya chuma hiki sauti inakimbia kama mita 4,400 kwa sekunde (hewani ni 340 hivi). Gawanya, unapata mitetemo kama 58,000 kwa sekunde. Na kweli, geti linatuma mawimbi ya kilohezi 58. Hayo ni mawimbi ya sumaku, si ya sauti, na hata mtetemo wa kile kipande uko juu ya kilohezi 20 ambako sikio la binadamu linaishia, ndiyo maana husikii chochote ukipita.

Geti halitumi mfululizo. Linapiga mkupuo mmoja wa milisekunde kama mbili, linanyamaza, linasikiliza, linapiga tena, makumi ya mara kila sekunde. Wale waliosoma shule za vijijini mtakumbuka ile rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mwembe. Mwalimu wa zamu akishaigonga na kuondoa nondo, rimu inaendelea kulia yenyewe kwa muda. Lebo inafanya hivyo hivyo: geti likinyamaza, kile kipande bado kinatetema, na kwa kuwa kina sumaku, mtetemo wake unarudisha mawimbi ya kilohezi 58. Geti likisikia kitu kinalia wakati lenyewe limenyamaza, tena kwa sauti ile ile na kinafifia vile inavyotakiwa, likasikia hivyo mara kadhaa mfululizo, linapiga alamu. Funguo, sufuria na simu haviwezi kulia namna hiyo, ndiyo maana unapita navyo kwa amani.

Naweka kambi hapa, ulizeni.

Ndoro_Boy:

Mkuu umetisha. Miaka yote nilijua mle ndani kuna kompyuta nzima, kumbe ni bati linalotetemeka!

Hiyo sumaku ya pili ina kazi gani kama kile chembamba ndicho kinachotetema?

Fundi_Chikongola:

Swali zuri, Ndoro. Kile chembamba kinarefuka sumaku ikielekea kaskazini, na kinarefuka vile vile ikielekea kusini. Ukikiacha peke yake kinachanganyikiwa, kinaitikia mara mbili kwa kila wimbi moja, kama ile transfoma inavyovuma mara 100 kwa umeme wa 50. Sumaku ya pembeni inakivuta upande mmoja muda wote, kwa hiyo kinafuata wimbi sawasawa na kwa nguvu.

Na hapo ndipo pa kuizimia. Kile kibao cha kaunta ambacho keshia anapitishia bidhaa kinatoa uga mkali wa sumaku unaogeuka geuka huku ukipungua, na ile sumaku ya pembeni inapotea. Kipande chembamba kimebaki kizima kabisa, ila mtetemo wake umehama kutoka 58 na umedhoofika. Geti linaita, hakuna anayeitika pale linapotarajia.

Mama_Balo:

Wanangu hamjambo. Mimi nauza mitumba, nafungua balo kila wiki. Hizo tagi ngumu, zile za plastiki zenye pini, nakutana nazo kwenye majaketi na suruali za jinzi. Nyingine hazionekani, ni lebo imeshonewa ndani ya pindo, huwezi kujua mpaka upapase. Kuna mteja wangu kijana alinunua jinzi kwangu, akaivaa kwenda Dar, akaingia duka moja kubwa, geti likalia. Sikilizeni, alikuwa ANAINGIA, hajagusa kitu! Mlinzi kamweka pembeni nusu saa. Kanipigia simu kwa hasira kama mimi ndiye niliyemwekea. Naomba kueleweshwa, hiyo nguo imetoka Ulaya huko, inalizaje geti la Dar?

Fundi_Chikongola:

Mama, shikamoo.

Geti la Dar na duka la Ulaya wanatumia mtetemo mmoja. Kilohezi 58 ni ile ile kila nchi, na lile kundi lingine, la stika za mawimbi ya redio, kwa kawaida linatumia megahezi 8.2. Watengenezaji wanauza kwa maduka maelfu, hawawezi kutengeneza namba tofauti kwa kila duka. Kwa hiyo lebo hai ya duka lolote inaliza geti la duka lolote la aina hiyo. Alamu haimaanishi "umeiba hapa", inamaanisha "kuna lebo hai hapa".

Kuna jingine ambalo hata walinzi wengi hawalijui: lebo iliyozimwa inaweza kufufuka. Ile sumaku iliyofutwa ikigusana na sumaku nyingine, tuseme kifungo cha mkoba au kava la simu lenye sumaku, inaweza kupata nguvu tena. Mtu kalipia kihalali miaka miwili iliyopita, leo analia mlangoni.

Huyo kijana alilia akiwa anaingia. Hapo mlinzi alipaswa kujua papo hapo kwamba kitu kimetoka nje. Mwizi wa duka halizi geti akiingia.

Mama_Balo:

Marahaba mwanangu, nimekuelewa. Na zile ngumu nizitoeje? Nimekuwa nazikata kwa koleo, nguo inachanika, hasara yangu.

Kijana_wa_Shangani:

Fundi tupe na mbinu ya kulidanganya geti basi, uzi ukamilike 😂😂

Mkorosho_Mkavu:

Huyo hapo juu mods mumuangalie. Msimu haujaisha ameshaishiwa.

Fundi_Chikongola:

Kijana wa Shangani, hilo halimo kwenye uzi huu. Mwenye duka ni jirani yako.

Mama Balo, nitakueleza ilivyo ndani ili uelewe kwa nini koleo linakuumiza. Ile pini ina mikato midogo shingoni. Ndani ya tagi kuna vigololi vitatu vya chuma vimekaa kwenye kikombe chenye umbo la koni, na springi inavisukuma kwenye upande mwembamba wa koni. Ukivuta pini, vigololi vinazidi kuibana. Kadiri unavyovuta ndivyo inavyokaza, kwa hiyo nguvu zako zote zinaishia kwenye kitambaa. Kaunta ya duka ina sumaku kali inayovivuta vigololi kurudi chini dhidi ya springi, pini inaachiwa. Sumaku hapo inafanya kazi ya ufunguo tu. Hata kinacholiza geti si ile pini, ni kitu kingine kilichofungiwa ndani ya plastiki.

Usizikate. Nyingine zina vichupa vya wino ndani, ukilazimisha vinapasuka na nguo inakwenda na maji. Ziweke pembeni mpaka zijae kiasi, kisha nenda kwenye duka la nguo lenye kifaa hicho hapo mjini, waeleze ni za balo, waonyeshe karatasi ya mzigo wako. Wengi watakufungulia bure. Za kwenye pindo wewe zifumue kwa kiwembe ukiwa bado na nguo mezani, mteja asije akalizwa kwa ajili yako. Na ukiwa karibu na ile sumaku ya kaunta, kadi ya benki yenye ukanda mweusi iweke mbali.

Dada_wa_Maktaba:

Nimefurahi kukuta huu uzi. Mimi nafanya kazi maktaba ya chuo. Sisi vitabu vyetu vina ukanda mwembamba sana umefichwa kwenye mshono, mwanafunzi hawezi kuuona. Kitu kinachonishangaza: kitabu kikiazimwa tunapitisha kwenye mashine, kinanyamaza. Kikirudi tunapitisha tena, kinaamka. Na lebo za fundi hapo juu zinazimwa moja kwa moja. Hizi zetu ni nini?

Fundi_Chikongola:

Dada, hiyo ni aina nyingine na ndiyo kongwe kuliko zote. Mfaransa mmoja, Picard, alisajili wazo lake mwaka 1934, kabla ya supamaketi hazijatapakaa.

Ukanda wenu hautetemi. Ni chuma kinachojaa sumaku haraka sana. Geti la maktaba linatuma wimbi la chini, ukanda unageuka ghafla kaskazini, ghafla kusini, na kila mgeuko huo wa ghafla unachafua wimbi. Geti linapokea wimbi lake likiwa limeongezewa vimawimbi vidogo ambavyo halikuvituma. Hapo linajua.

Kuuzima ni kinyume cha lebo ya dukani, na hapa ndipo watu huchanganya mambo. Kwenye lebo ya dukani keshia ANAFUTA sumaku. Kwenye kitabu chako unaTIA sumaku: kuna vipande vingine vidogo vigumu vimeambatana na ule ukanda, ukivitia sumaku vinaushika ukanda usigeuke tena, kimya. Kitabu kikirudi unavifuta, ukanda unakuwa huru. Kwa kuwa nguo haitarajiwi kurudi dukani na kitabu kinatarajiwa kurudi maktaba, kila mmoja akachagua kinachomfaa. Mkiwa na kaseti za zamani, msizipitishe kwenye ile mashine, zitafutika.

Dada_wa_Maktaba:

Kumbe! Kaseti tulishaambiwa na bosi wetu wa zamani ila hakuwahi kusema sababu. Ahsante.

Mtanda_Juu:

Habari wakuu, niko Lindi. Mama yangu aliwekewa betri ya moyo pale Muhimbili. Juzi nimempeleka Dar kliniki, tukapita dukani, akagoma kabisa kupita kwenye mageti, anasema atakufa. Nilitaka kumcheka nikajizuia. Ana hoja au hana?

Fundi_Chikongola:

Ana hoja, usimcheke. Mimi ni fundi wa vifaa, si daktari, kwa hiyo neno la kliniki yake ndilo la kufuata. Ila hili limeandikwa sana: ile betri inasikiliza umeme wa moyo, na geti linatoa uga wa sumaku unaobadilika, hivyo mtu akisimama katikati ya mageti au akaliegemea, kifaa kinaweza kuchanganya. Ushauri unaotolewa, hata na mamlaka ya dawa ya Marekani, ni kupita kwa mwendo wa kawaida, usisimame pale, usiegemee. Kupita tu hakuna shida kwa walio wengi. Shida ni yule mama mzee anayesimama getini kusubiri mjukuu, au mwenye duka anayeweka kiti cha wageni ubavuni mwa geti. Niliyemfungia hapa alitaka kuweka benchi pale pale. Nimekataa.

Mweleze mama hivyo kwa upole na umshike mkono mpite pamoja bila kusita.

Mkorosho_Mkavu:

Sawa, na sisi tusio na betri? Mnatupiga mionzi mnatucheka. Kansa hizi zinatoka wapi?

Fundi_Chikongola:

Mkuu, kilohezi 58 iko chini hata ya masafa ya redio ya AM unayosikilizia taarifa ya habari. Mionzi inayovunja chembe za mwili ni kama ile ya eksirei, iko mbali kupindukia na hapo. Chuki yako ielekeze kwingine.

Mwenye_Duka_Lindi:

Wakuu naomba turudi kwenye biashara. Nina duka Lindi mjini: vipodozi, maziwa ya kopo ya watoto, nguo za ndani. Vitu vidogo ndivyo vinavyoibwa. Ninunue aina gani? Kuna jamaa ananiuzia ya stika kwa bei nafuu. Na je inalipa, au nimwekee mlinzi tu?

Fundi_Chikongola:

Kaka, hizo stika za mraba unazoziona nyuma ya boksi la manukato ni aina ya redio. Ukiinua karatasi unaona njia ya alumini imezungushwa mzunguko kwa mzunguko: ni koili na kapasita, saketi ile ile ya kuchagua stesheni kwenye redio, imefungwa kwenye megahezi 8.2. Geti linazungusha mawimbi juu na chini ya hapo na kutazama kama kuna kitu kinayameza. Kuizima, kaunta inatuma nguvu ya kutosha mpaka kapasita inatoboka mahali palipoachwa pembamba makusudi. Ni rahisi, na stika unaweza kuchapia bei juu yake.

Tatizo lako ni maziwa ya kopo. Hiyo stika haipendi bati wala maji, ukiibandika kwenye kopo inapotea. Ile ya kilohezi 58 inavumilia zaidi, na mageti yake yanaweza kuachana zaidi, mlango mpana unafaa. Lebo zake ni ghali kidogo na nene. Kwa mchanganyiko wa bidhaa zako ningechukua hiyo, hata yaliyotumika.

Kuhusu kulipa: duka la kaunta, ambapo mteja anaomba na wewe unampa, usinunue kitu, unapoteza hela. Geti ni la duka ambalo mteja anajihudumia mwenyewe. Chimbuko lenyewe ndilo hilo: Mmarekani mmoja aitwaye Ronald Assaf alikuwa meneja wa supamaketi Akron, Ohio, miaka ya 1960. Mwizi akatoka mbio na chupa mbili za mvinyo, akamkimbiza akamkosa, na baada ya hapo ndipo akaanzisha kampuni ya Sensormatic. Mbele ya mangi, muuza duka aliyekaa nyuma ya nondo za dirisha, mwizi yule asingekuwa na habari.

Na mlinzi utamhitaji bado. Geti bila mtu ni kelele tu.

Mwenye_Duka_Lindi:

Nimekuelewa. Sasa huyo mlinzi afanyeje likilia? Sitaki kudhalilisha wateja, Lindi ndogo hii, kesho mnakutana msibani.

Fundi_Chikongola:

Kwanza asimshike mtu, wala asitamke neno wizi. "Samahani, inawezekana keshia hakuzima lebo, tuangalie pamoja." Mara nyingi ndiyo ukweli wenyewe. Mfuko upitishwe peke yake kati ya mageti, mteja akiwa amesimama kando. Ukilia, toa kitu kimoja kimoja ukipitishe na ukilinganishe na risiti ya mashine ya EFD. Usipolia, mwenyewe apite bila mfuko. Akilia hapo, muulize kuhusu nguo au viatu alivyokuja navyo, ndiyo yale ya Mama Balo. Wale wa "ukinunua dai risiti" leo mmeona faida nyingine.

Na wewe mwenye duka, angalia kabla ya kumlaumu mtu. Hili la hapa Mtwara siku ya kwanza lilikuwa linalia lenyewe duka likiwa tupu. Mama wa duka akaanza kutaja majini. Tukatafuta: roli nzima ya lebo mpya alikuwa ameihifadhi kwenye droo ya meza iliyo karibu na mlango, na henga ya magauni yenye tagi ilikuwa ikipeperushwa na feni hadi ubavuni mwa geti. Roli imehamia stoo, henga imesogezwa mita mbili ndani. Nimebadilisha pia adapta moja ya taa za urembo iliyokuwa inatoa kelele za umeme, maana adapta mbovu na taa za bei chee zinaweza kulifanya geti liwe kiziwi, yaani lisisikie hata lebo hai. Ukishafunga, chukua lebo hai na upite nayo juu, kati na chini, mfukoni na mkononi, asubuhi kabla ya kufungua. Pasipolia ndipo mafundi wa Shangani watakapopitia.

Kijana_wa_Shangani:

Fundi mbona umenishupalia 😅 nilikuwa natania tu. Hiyo kazi ya kubandika lebo dukani kwa mama bado ipo? Nina muda.

Fundi_Chikongola:

Njoo kesho saa mbili asubuhi, uje na kitambulisho cha NIDA. Nguo ni nyingi.